Shimo la pili lachimbwa bila moto

"Kitendawili!"

Edmond Bashige amelala kifudifudi juu ya jiwe jeusi, kidevu ukingoni mwa shimo, kamba imezungushwa kiunoni mwake kama mshipi. Anasubiri jibu.

"Tega!" Sauti inapanda kutoka chini, nzito, imejaa vumbi.

"Mugeni wangu anakuya bila muzigo, anakula nyumba, anaacha sakafu."

"Vulkano! Iyo ulinitega jana. Tafuta mupya, weye muvivu!"

"Mupya iko na bei yake," Edmond anajibu, na nyundo huko chini inaanza tena: ngo, ngo, ngo.

Ni asubuhi kaskazini mwa Goma, pembeni ya barabara inayokwenda Rutshuru. Mlima Nyiragongo umevaa wingu mpaka mabegani, kana kwamba hautaki kuonwa usoni. Pande zote ni jiwe, jeusi na lenye makali, limeganda vilevile lilivyokuja: hapa limejikunja kama blanketi la asubuhi, pale limepasuka kama mkate ulioungua. Majani machache yameanza kuchungulia kwenye nyufa.

Aliye chini ya shimo ni Hilaire Ntirenganya, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, mchimba mashimo ya vyoo. Leo hachimbi cha mtu. Kiwanja ni chake. Chini ya jiwe hili ndipo ilipokuwa nyumba yake, mpaka jioni ile ya Mei 2021 mlima ulipotapika.

Chini ya jiwe la 2021 kuna udongo. Chini ya udongo kuna jiwe jingine, la mlipuko uliotangulia. Na swali linalomtoa Hilaire jasho ni moja tu: lile jiwe la chini lilipita hapa lini? Kama ni zamani sana, atarudi ajenge. Kama ni juzijuzi, basi aliweka mke na watoto katikati ya njia ya moto, na heri auze kiwanja aondoke.

Mnunuzi yupo. Anaitwa Carlos, mfanyabiashara wa Birere, mtaa wa maduka na masoko, na anataka jibu kabla mvua hazijaanza.

"Miye sinunui nyumba," Carlos alimwambia. "Ninanunua majiwe. Nitayaponda, nitayauzisha. Vulkano ikirudia, ni stoku inaongezeka."

Hilaire alicheka siku ile. Usingizi ndio uliokataa kucheka naye.

Goma ni mji uliokaa juu ya jiwe, na kila mwenye kiwanja lazima siku moja amwite mtu kama Hilaire. Kwingine mtu huchimba choo kwa jembe, akimaliza anaoga, yamekwisha. Hapa ni nyundo, tindo na mtaimbo, ule ambao wachimbaji wanauita baramini. Malipo ni kwa mita, si kwa siku, na mita moja ya jiwe gumu inaweza kumla mtu juma zima. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Hilaire havikunjiki tena. Akikusalimia, unahisi umeshikwa na mzizi.

"Jiwe haliko mubaya," anasema. "Liko na kiburi tu. Unalibembeleza."

Kubembeleza kwenyewe ni kwa moto. Wachimbaji wa Goma wana njia yao wanayoiita kupika jiwe. Wanashusha makaa shimoni, wanayawasha, wanayaacha yakinguruma mpaka jiwe linaiva. Kisha wanamwaga maji baridi kwa mara moja na kukimbia mvuke. Jiwe linapasuka lenyewe kwa kishindo, na kazi ya siku tatu inakuwa ya asubuhi moja. Hakuna mchimbaji asiyepika. Anayekataa kupika anachekwa kwamba anachonga sanamu.

Lakini katika shimo hili la leo hakuna makaa. Hakuna hata njiti ya kiberiti. Hilaire anachonga sanamu, na Edmond hamwachii.

"Mutu wa ng'ombe," anamtania kutoka juu, maana baba yake Hilaire alikuwa mfugaji huko Masisi, na baba yake Edmond mkulima wa kilima cha jirani. "Ungekuwa ulijifunza jembe, ungekuwa ulisha maliza."

"Na weye mutu wa viazi, ungekuwa ulisha kufa humu ndani."

Hapo hawatanii sana. Katika nchi hii ya volkeno kuna hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Watu wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu, mbuzi anaingia bondeni kula majani na hatoki. Kwa mchimba shimo ndiyo simba wa kazi.

Ndiyo maana kabla mtu hajashuka, mshumaa unatangulia kwenye kamba. Ukizimika, siku hiyo hakuna kazi. Ukiendelea kuwaka, mtu anashuka, na wa juu anaanza vitendawili. Msomaji asidhani ni mchezo wa kupoteza muda. Mazuku huanza na kichwa: mtu anakuwa mzito, anasahau, anataka kukaa kidogo apumzike, na akikaa ndio mwisho. Kwa hiyo aliye juu hana ruhusa ya kunyamaza. Anatega, wa chini anategua. Akikosea si neno. Akichelewa, anavutwa.

Kuna siku Edmond alimvuta mwenzake kutoka kwenye shimo moja mtaa wa Mapendo, Hilaire anapiga mateke na kutukana njia nzima.

"Nilikuwa nafikiri!"

"Utafikiri huku juu," Edmond akamjibu. "Huku kufikiri ni bure."

Hilaire alikuja Goma kijana, familia ilipokimbia vita huko Masisi. Alibeba mizigo sokoni, akaponda kokoto, kisha mchimbaji mmoja mzee akampa nyundo. Miaka ikapita akanunua kiwanja hiki, akajenga, akaoa. Mkewe, Donatille, anauza unga na mafuta ya mawese Birere. Mtoto wao wa kwanza ni Rodrigue, anayesoma Bukavu, na kwa jina lake wazazi wanaitana: Papa Rodrigue, Mama Rodrigue.

Jioni ya mlipuko walitoka na walichokuwa wamekivaa. Waliporudi, hawakukuta hata pa kusimama na kusema hapa palikuwa mlango.

"Nilitafuta muti wangu wa avoka," Donatille anasema. "Nikisema, nikiona muti nitajua jikoni iko wapi. Muti haukuwa. Nikajua ata nikilia, sitajua ninalilia fasi gani."

Tangu hapo wanapanga nyumba Mapendo. Ardhi ya Goma haitulii, na Donatille hatulii nayo. Ikitikisika kidogo tu, wakati majirani wanaangaliana na kuendelea na mazungumzo, yeye tayari amevaa viatu. Begi lake liko mlangoni siku zote. Watoto wamezoea kuliruka.

Naye Hilaire ana wasiwasi wake, ila unakaa miguuni. Hawezi kukaa kitini. Anakula akitembea. Mkewe anasema ameolewa na mtu na anaishi na upepo.

"Kukaa nyumba ya mutu inanichoma kuliko vulkano," Hilaire anasema. "Vulkano ilichoma siku moja."

Mwaka uliofuata mlipuko akaanza kurudi kiwanjani peke yake na nyundo. Alitaka kujenga upya, safari hii kwa mawe, nyumba ya ukuta mnene kama kanisa. Na kama fundi wa mashimo anavyoanza kila kitu, alianza na choo. Alipika jiwe la juu likapasuka. Alipita udongo. Alipika jiwe la chini, nalo likapasuka. Chini yake akakuta udongo mwekundu, umeungua kama matofali ya tanuru, na ndani yake vipande vya makaa.

Hapo akakumbuka ombi la Docta.

Docta ni Bénita Uwingabire, mtafiti wa volkeno, mtoto wa Rutshuru. Yeye na wenzake wanakusanya historia ya bonde lote la Ziwa Kivu: lini ardhi ilianza kuachana, volkeno ipi ililipuka lini, mawe yake yalifika wapi. Wengine wanavuta matope kutoka sakafu ya ziwa, maana kila jivu la mlima likianguka majini linalala chini kama shuka, na mlipuko unaofuata unatandika shuka jingine juu yake. Bénita anashughulika na nchi kavu, na nchi kavu ya Goma haisomeki mpaka mtu aipasue. Kwa hiyo aliwapitia wachimbaji wa mji mzima na ombi moja: mkifika kwenye udongo mwekundu wenye makaa, msiuguse, niiteni.

Sababu yake ni nyepesi ukiisikia kwake. Jiwe la moto linapopita juu ya msitu, miti iliyolaliwa haipati hewa ya kuwaka mpaka kuwa jivu. Inabaki makaa. Na mti ukiwa hai unavuta kitu fulani kutoka hewani, ukifa hauvuti tena, na kile ulichokuwa nacho kinapungua polepole, kama mafuta kwenye taa. Maabara ya mbali hupima mafuta yaliyobaki, ikasema taa iliwashwa lini. Ukijua mti ulikufa lini, umejua jiwe lilipita lini.

Bénita alikuja, akashuka shimoni mwenyewe, akachukua makaa, akayatuma. Majibu yalipokuja, alirudi na uso ambao Hilaire hakuupenda.

Makaa yale yalikuwa ya mti uliokuwa ukivuta hewa wakati Hilaire mwenyewe amekwisha zaliwa.

"Kama ni kweli, papa," Bénita alimwambia, "jiwe la chini lilipita hapa kwa umri wako. Labda ni tawi la mlipuko wa 1977 ambalo hakuna aliyeliona, maana huku hakukuwa na nyumba. Maana yake moto umepita hapa mara mbili kwa muda mufupi."

Donatille hakungoja sentensi iishe. Alimwita Carlos siku hiyohiyo.

Lakini Bénita mwenyewe alikuwa hajaridhika. Makaa yalikuwa safi mno, anasema, yanang'aa, hayana udongo katika vishimo vyake. Aliyageuza mkononi kwa muda, kisha akauliza swali ambalo Hilaire alidhani ni la kupitisha wakati:

"Papa, ilikuwaje mukapita jiwe lile? Kwa nyundo?"

"Kwa nyundo! Apana, Docta. Tulipika."

"Mulipika na nini?"

"Na makala," Hilaire akasema, kama wanavyoyaita makaa huku. "Ya sokoni." Na neno halijamtoka vizuri mdomoni akaweka mkono kichwani.

Moto wake mwenyewe ulikuwa umelala juu ya jiwe lile. Jiwe lilipopasuka, makaa yake yakadondoka nyufani mpaka kwenye udongo mwekundu. Docta alituma ng'ambo makaa ya kupikia maharagwe, nayo yakasema kweli yao: mti wetu ulikatwa juzi.

"Na miye ningepaswa kuuliza kabla sijatuma," Bénita anasema. "Nilijua bantu ba Goma banachimba. Sikujua kama banapika. Sasa ni swali la kwanza ninauliza kila shimo."

Je, ndiyo kusema jiwe la chini ni la zamani? Hapana. Ndiyo kusema hakuna ajuaye. Yale makaa hayakuwa shahidi wa jiwe, lakini ukweli ungeweza kuwa uleule. Kwa Hilaire hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko jibu baya. Na Carlos alikuwa anapiga simu.

Ndipo shimo la pili likaanza, hatua chache kutoka la kwanza, kwa nyundo tupu.

Siku za mwanzo Bénita alikuwa akipita kuangalia, na wakati wa kupumzika wachimbaji walimweka kati na kumhoji kuliko alivyowahoji. Alipowaambia kwamba Afrika inapasuka hapahapa, upande wa mashariki unaondoka milimita chache kila mwaka, Edmond alitazama chini kati ya miguu yake.

"Na zamani," Bénita akaendelea, "mito ya huku ilikuwa inaenda kaskazini. Volkeno zikajenga ukuta, maji yakakosa njia, yakajaa. Njo ziwa letu hilo. Leo linamwaga kusini. Na kupasuka kukiendelea, miaka mamilioni na mamilioni, bonde linashuka, linashuka, siku moja maji ya bahari yanaingia. Hivi munavyoona hapa, njo mwanzo wa sakafu ya bahari."

Hilaire akageuza nyundo mkononi, akatazama shimo lake.

"Sasa miye ninachimba choo ndani ya bahari?" Hilaire akauliza.

"Bahari!" Edmond akapiga goti lake. "Na robine ya maji ya kwetu iko kauka wiki yote! Docta, ambia iyo bahari ipitie kwanza Mapendo, tujaze bidon."

Bénita alicheka mpaka akaondoa miwani. Lakini kesho yake kitendawili kipya kikashuka shimoni: "Nyumba yangu inapanuka kila mwaka na fundi simuone." Hilaire alikitegua bila kupumzisha nyundo.

Sasa turudi kwenye asubuhi tuliyoanza nayo. Wamevuka jiwe la juu, wamevuka udongo, na jiwe la chini limebaki gamba tu. Bénita yuko ukingoni pamoja na Edmond, amechuchumaa, karatasi ya alumini mapajani. Mshumaa umeshuka ukawaka vizuri. Ndoo zinapanda. Kisha sauti ya nyundo inabadilika, inakuwa nzito, ya kitu kilicholegea, na vumbi jekundu linapanda kidogo.

"Kitendawili!" Edmond anaita.

Hakuna jibu.

"Hilaire! Kitendawili!"

Hakuna.

Edmond hangoji mara ya tatu. Anaruka, anakita miguu jiweni, anavuta. Bénita ametupa karatasi, ameshika kamba nyuma yake, wote wawili wanavuta bila kusemezana, na kamba inakwaruza ukingo. Kichwa cha Hilaire kinatokea, kisha mabega, mekundu kama yamepakwa pilipili, na wanamburuta juu ya jiwe kama gunia.

Macho yako wazi. Anapumua.

"Juu ya nini haujibu?" Edmond anapiga kelele. "Juu ya nini, weye mutu? Unataka niende kwa Mama Rodrigue nimwambie nini?"

Hilaire anakohoa, anatema vumbi, anamshika mkono.

"Mizizi," anasema.

"Mizizi ya nini?"

"Docta. Iko mizizi. Imesimama."

Edmond anamtukana kwa Kihunde, lugha ya kwao, kisha anakaa chini na kufunika uso kwa mikono. Wanangoja atulie. Mshumaa unashushwa tena, unawaka, na safari hii Bénita ndiye anayeshuka, Edmond akimtega vitendawili vya watoto wadogo mfululizo, maana hana moyo wa kufikiria vigumu.

Alichokiona Hilaire ni hiki. Katika ule udongo uliochomwa kulikuwa na kitu cheusi kama kidole, kimeanzia palepale jiwe lilipolala, kikateremka, kikagawanyika viwili, kila tawi likaendelea kushuka ndani ya udongo. Mzizi wa mti, umegeuka makaa ukiwa umesimama mahali ulipoota. Hakuna moto wa mchimbaji unaoweza kupanda mti chini ya jiwe.

"Nilisikia Edmond anaita," Hilaire anaeleza baadaye. "Nikasema nitajibu. Lakini mudomo ulikuwa umefunga wenyewe. Niliona kama niko kwa mlango wa mutu na sijabisha."

Bénita alikata kipande kutoka ncha ya chini kabisa, kwa kisu kilichofutwa, akakifunga. Kisha miezi ikaanza.

Kungoja si kazi ya Hilaire. Alichimba Mapendo, akachimba karibu na uwanja wa ndege, akachimba hata pale ambapo hakuitwa, akamsaidia mwenzake bure ili tu asikae. Carlos alipiga simu, kisha akaja mwenyewe na soda. Alisema bei imeshuka kwa sababu mvua zimekaribia. Donatille alimkaribisha vizuri, akamwambia mume wake ni mtu mzima, amuulize yeye. Hilaire akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Alikunywa soda yake peke yake," Donatille anasema. "Na ingine akainywa."

Jibu liliwakuta wote wawili nyumbani Mapendo. Bénita aliingia, akaruka begi la mlangoni kama wenyeji, akakataa kiti kwanza. Alisema makaa ya mzizi ni ya zamani sana. Si ya 1977, si ya wakati wa wakoloni. Mti ule ulikufa karne nyingi zilizopita, kabla ya yeyote ambaye jina lake linakumbukwa katika ukoo wa Hilaire au wa jirani yake.

Hilaire alisimama. Akaenda mpaka ukutani, akarudi. Mara ya pili alipofika ukutani alibaki pale, uso kwenye mbao.

"Kwa hiyo hapa ni pazuri," akasema bila kugeuka.

"Hapa ni fasi moto ulipita, halafu haukurudi kwa muda murefu sana, halafu ukarudi 2021," Bénita akajibu. "Njo kile jiwe linaniambia, papa. Linaniambia lilikuja lini. Haliniambii litarudi lini. Na sitakudanganya kama ninajua."

Donatille akauliza, kwa upole, huku akimkunjulia mgeni pindo la kitenge lililokunjika:

"Docta, na ile ya 2021, yenyewe ilijua kama wakati wake haujafika?"

Ndipo Bénita akakubali kiti.

Siku zilizofuata, majirani wanasema, mume na mke walikuwa wanabishana kwa sauti ndogo, ile ambayo ni mbaya kuliko kelele. Hilaire anataka ukuta wa mawe. Donatille anasema ukuta wa mawe ni kaburi lenye madirisha. Hilaire anasema jiwe ndilo analolijua. Donatille anasema jiwe ndilo lililompiga.

Halafu asubuhi moja, akipima unga kwenye kibanda chake Birere, wateja wamejaa, akamwona mumewe anapita mbele ya kibanda mara ya tatu bila sababu. Akamwita mbele ya watu.

"Papa Rodrigue! Jenga."

Hilaire akasimama kama aliyepigwa picha.

"Jenga pale kwako. Lakini ya mbao. Na usipige ata musumari moja. Tia boulons, za kufungua na spana, nyumba yote, kuta na paa. Ifunguke kama kitanda, vulkano ikikuya tuibebe."

Wateja walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka, na Hilaire alijua. Jioni hiyo alimpigia Carlos mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akamwambia kiwanja hakiuzwi. Carlos akauliza kama basi anaweza kununua yale mawe ya shimoni tu. Hilaire akamwambia aje ayabebe.

Sasa mbao zimerundikwa kiwanjani, na Edmond, ambaye anasema amestaafu vitendawili na bado anategea kila mpita njia, anatoboa matundu ya boulons kwa kekee ya kukodi. Choo kipo tayari: mashimo mawili, familia ya kwanza mtaani kuwa na la akiba. Bénita ameomba upande mmoja wa shimo la pili uachwe wazi ili wanafunzi wake washuke waone mzizi. Hilaire amekubali, kwa sharti kwamba atakayewashusha ni yeye.

Bado anakula akitembea. Lakini sasa anatembea kuzunguka kitu.

Anapanga kumaliza kuta kabla ya mvua kubwa, paa likifuata. Watoto wameshagawana vyumba. Kuna jambo moja tu limebaki kabla ya kuhamia, na Donatille ndiye aliyelipanga. Ameshaongea na mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ili akilete siku hiyo.

"Nyumba ikiisha, sitalala mule bado," anasema, akifuta mikono kwenye kitenge. "Nitaenda na sufuria yangu, nitatia maharagwe kwa moto pale inje. Na yeye na Edmond batafungua nyumba yote, boulon kwa boulon, babebeshe chukudu. Maharagwe yakiiva na nyumba bado imesimama, ninarudi Mapendo."

"Na kama imeshuka yote?" anaulizwa.

Anamtazama mumewe, aliyepanda juu ya rundo la mbao na spana mbili mkononi.

"Tutakula," anasema. "Halafu bairudishe."